Barua Isiyofika: Mwanamke wa Kiislamu Ugenini katika Maandishi ya Salme binti Said

Utangulizi

Katika fasihi ya Kiswahili, safari ya kwenda ng'ambo imezoeleka kuwa safari ya mwanamume. Baharia, mwanafunzi, mfanyabiashara na mkimbizi ndio waondokao. Mama, mke na mchumba ndio wabakiao wakingoja habari. Mwaka 1894 C. G. Büttner alichapa katika mkusanyo wake habari za Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli, na humo imo safari ya Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Adam Shafi alipoandika Mbali na Nyumbani (2013), aliyeihama Zanzibar alikuwa bado kijana wa kiume. Wasafiri hawa wana mengi ya kueleza juu ya baridi, treni, maduka na adabu za Wazungu. Hata hivyo wanayaeleza wakiwa watu wa njiani, ambao hawakupata kuendesha nyumba katika nchi hizo wala kulea humo watoto.

Kabla ya wote hao, alikuwako mwanamke. Salme binti Said, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alifika Hamburg mwaka 1867 akiwa na umri wa miaka 22, akaishi Ujerumani kwa miaka mingi, akaandika. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maandishi yake mawili makuu: kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, na barua zake kwa rafiki wa nyumbani, ambazo hazikuchapishwa hadi alipokuwa amefariki. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni moja. Je, maandishi haya yanatueleza nini juu ya maisha ya kila siku ya mwanamke wa Kiislamu aliyejikuta katika jamii ya Magharibi, na je, yana nafasi gani katika fasihi inayofundishwa na idara zetu?

Yapo mapingamizi mawili yanayofaa kutajwa mapema. La kwanza ni kwamba Salme alibatizwa, akaitwa Emily, kwa hiyo hawezi kuhesabiwa kuwa mwanamke wa Kiislamu. La pili ni kwamba aliandika Kijerumani, kwa hiyo hawezi kuhesabiwa katika fasihi ya Kiswahili. Mapingamizi yote mawili yana uzito, wala makala haya hayayapuuzi. Yatajadiliwa mahali pake, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo mgogoro wenyewe wa maandishi haya.

Mwandishi na Maandishi Yake

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa asili ya Kicherkasi. Kama ilivyokuwa desturi ya mabinti wa nyumba ile, alifundishwa kusoma Kurani lakini hakufundishwa kuandika. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomwingiza katika siasa: mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, Salme aliyekuwa msichana mdogo alifanywa karani wa njama hizo.

Baadaye alijuana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani yake mjini. Alipochukua mimba, maisha yake yalikuwa hatarini. Mwezi Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa na kuolewa siku hiyo hiyo, kisha wakasafiri kwenda Hamburg. Mwezi Agosti 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Salme alihama mji hadi mji katika Ujerumani, akarudi Zanzibar kwa muda mfupi mwaka 1885 na 1888, akaishi Shamu na Palestina kwa miaka mingi, na hatimaye akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924.

Kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilipata wasomaji wengi na kufasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1888. Barua zake zilihifadhiwa na mwanawe, Rudolph Said-Ruete, na maktaba ya mwana huyo ikapelekwa Leiden. Mwaka 1993 E. van Donzel alizitoa kwa Kiingereza pamoja na kumbukumbu, na mwaka 1999 Heinz Schneppen akazitoa kwa Kijerumani chenyewe.

Tofauti ya maandishi haya mawili ni kubwa. Kumbukumbu zinaeleza Zanzibar kwa Wajerumani; barua zinaieleza Ujerumani kwa Zanzibar. Katika kitabu cha kwanza mwandishi anasimama kama wakili wa nchi yake mbele ya baraza la wageni. Katika barua anakaa kitako na shoga yake, akimweleza yaliyomkuta. Wahakiki wengi wamekishughulikia kile cha kwanza kwa sababu kina majumba, masultani na hazina. Kwa suala linalojadiliwa hapa, barua ndizo zenye mengi zaidi.

Nyumba, Nguo na Macho ya Watu

Jambo la kwanza linalojitokeza katika barua ni kwamba ugeni wa Salme hauanzii katika mambo makubwa ya itikadi. Unaanzia katika nyumba. Bet il Mtoni ilikuwa nyumba ya watu wengi, iliyojaa sauti na lugha: Kiarabu kikitakiwa mbele ya baba, na nyuma yake Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na lugha za Kihabeshi vikisikika kila ukumbi. Nyumba ya Hamburg ilikuwa na milango iliyofungwa, na mchana kutwa mume yuko kazini. Mke anabaki na watumishi asioweza kusema nao. Kiswahili, lugha ya mazungumzo ya mume na mke, kinasikika asubuhi na jioni tu. Mume alipokufa kikakosa wa kukijibu.

Hapa pana kinaya ambacho mhakiki hana budi kukitambua. Wasomaji wa Ulaya wa karne ya 19 walizoea kumdhania mwanamke wa nyumba za Mashariki kuwa mfungwa, na mwanamke wa Ulaya kuwa mtu huru. Barua zinaonyesha kinyume chake bila ya kuhubiri: mwanamke aliyetoka katika nyumba iliyoitwa gereza anajikuta mpweke kwa mara ya kwanza katika nchi iliyoitwa ya uhuru. Salme hasemi kwamba maisha ya ndani ya Unguja hayakuwa na vizuizi. Anavijua na kuvitaja. Analoonyesha ni kwamba kizuizi kina sura nyingi, na kwamba ukuta wa mawe si ukuta pekee.

Jambo la pili ni nguo. Salme alivua mavazi ya nyumbani na barakoa, akavaa nguo za Kizungu zinazobana, nzito, zisizokinga baridi aliyokuwa hajapata kuijua. Anashangazwa na karamu za usiku ambamo wanawake wenye heshima hufunua mabega mbele ya wanaume wasiowahusu, hali mchana wa siku hiyo hiyo wamejifunika mpaka shingoni. Haoni mantiki ya jambo hilo, na hapa hoja yake ni nzito: kila jamii ina kanuni zake za kufunika na kufunua, na kila jamii huziona kanuni zake kuwa ndiyo maumbile yenyewe.

Jambo la tatu ni macho ya watu. Hamburg ilimtazama. Alikuwa kioja, binti wa mfalme kutoka nchi za mbali, na watu walitaka kumwona na kumwuliza maswali. Yule aliyekulia nyuma ya barakoa, akiona bila ya kuonwa, sasa ameachwa wazi mbele ya macho yasiyo na haya. Kwa hiyo kuvua barakoa hakukumpa uhuru wa kutembea kama watu wengine. Kulimtwika mzigo wa kutazamwa.

Suala hili halikumalizika na karne yake. Mwaka 2004 Ufaransa ilipiga marufuku hijabu katika shule za serikali, na mwaka 2010 ikapitisha sheria dhidi ya kufunika uso hadharani. Denmark ikafuata mwaka 2018 kwa sheria ya kufunika uso. Kwa upande wa pili, mwezi Januari 2019 Bunge la Marekani lilirekebisha kanuni ya mwaka 1837 iliyokataza kuvaa kofia ndani ya baraza la wawakilishi, ili Ilhan Omar, mwanamke wa Kisomali aliyepitia ukimbizi nchini Kenya, aweze kuingia na mtandio wake. Sheria hizi zinapingana, lakini zote zinakubaliana katika jambo moja: kichwa cha mwanamke wa Kiislamu kimefanywa suala la dola. Salme alivua na akatazamwa. Wengine hawavui na wanatazamwa. Msomaji anayezisoma barua leo atagundua kwamba kitambaa chenyewe ni sehemu ndogo tu ya tatizo.

Mali, Sheria na Ujane

Sehemu yenye nguvu zaidi katika barua ni ile inayofuata kifo cha Heinrich Ruete. Hadi hapo masimulizi yamekuwa ya mgeni anayestaajabu. Kuanzia hapo yanakuwa ya mtu anayepigania mkate.

Ili kuielewa sehemu hii, inafaa kukumbuka kisa kilichomo katika kumbukumbu. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, Salme, ambaye alikuwa na umri wa miaka 12 hivi, alihesabiwa kuwa mtu mzima na kukabidhiwa urithi wake, shamba pamoja na fedha. Baadaye aliendesha mashamba yake mwenyewe. Katika sura yake maarufu juu ya hali ya mwanamke wa Mashariki, anawakumbusha wasomaji wake kwamba mke wa Kiislamu hubaki na mali yake, na mume hana haki ya kuigusa.

Sasa linganisha na Hamburg. Mjane wa miaka 25, mama wa watoto watatu, anaambiwa kwamba sheria haimruhusu kusimamia peke yake mambo ya watoto wake wala mali waliyoachiwa. Anawekewa wasimamizi wanaume. Fedha zinapungua, anahamia miji yenye maisha nafuu, anafanya kazi za nyumbani ambazo hakupata kufundishwa, anatoa masomo ya lugha ili kupata riziki. Yule aliyekuwa mtu mzima kisheria Unguja akiwa na miaka 12 anafanywa kuwa mtoto Ujerumani akiwa na miaka 25.

Ulinganisho huu ni mhimili wa kazi nzima, ingawa mwandishi mwenyewe aliugawa katika vitabu viwili. Kisomwe kimoja bila ya kingine, hoja inapotea. Kumbukumbu zikisomwa peke yake, sifa anazoitolea sheria ya nyumbani zaonekana kuwa ni fahari ya mtu wa ukoo wa kifalme. Barua zikisomwa peke yake, malalamiko yake yaonekana kuwa ni ya mjane yeyote maskini wa zama zile. Vikisomwa pamoja, vinatoa uhakiki wa jamii ambao wanasheria wa wakati wake hawakuuandika.

Lakini lazima isemwe pia kwamba sheria ya nyumbani nayo ilimfungia mlango. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870, alikataa kumpa urithi wa ndugu zake waliokufa. Mwaka 1875 Salme alikwenda London kujaribu kuonana naye. Waingereza, kwa kupitia Sir Bartle Frere, walimzuia. Mwaka 1885 Bismarck alimrudisha Zanzibar pamoja na manowari za Kijerumani zilizokwenda kumshinikiza Barghash akubali madai ya Wajerumani juu ya bara. Dai la mwanamke la haki yake likawa silaha katika mikono ya dola, na dola ilipopata iliyokitaka ikamwacha. Katika jambo hili Salme ni mfano wa mapema wa kisa kilichorudiwa mara nyingi: watawala kujitia kumtetea mwanamke wa Kiislamu pale tu utetezi huo unapofungua bandari.

Dini Isiyokamilika

Sasa turejee kwenye pingamizi la kwanza, la ubatizo. Salme anaeleza kwamba ibada ya Aden iliendeshwa kwa lugha asiyoijua. Hakuijua imani aliyoingizwa. Aliijua ile aliyoiacha. Katika kumbukumbu anakiri kwamba aliondoka kwao Mwislamu kamili na kwamba Ukristo wake haukupata kufikia ukamilifu huo. Katika barua, ukiri huo unapata mwili. Analelewa katika dini ambayo imeigawa siku kwa sala na mwaka kwa mfungo, kisha anaishi katika mji ambamo siku na mwaka havina tena vigawanyo hivyo. Anachokikosa hakisemi kwa lugha ya wanateolojia. Anakosa mpangilio wa wakati.

Mhakiki anayetaka kumhukumu Salme kwa mizani ya fikihi ana haki yake, lakini hiyo ni kazi ya kadhi. Kazi ya mhakiki wa fasihi ni kuuliza maandishi yanaonyesha nini. Yanaonyesha mtu ambaye alibadilishwa jina bila ya kubadilishwa moyo, na ambaye hakuweza kuueleza moyo huo kwa watu waliomzunguka bila ya kuonekana mnafiki. Kwa sababu hiyo, uzoefu alioandika ni uzoefu wa mwanamke wa Kiislamu hata pale jina lake linapokana.

Ulinganisho na mwandishi wa zama za karibu utasaidia hapa. Leila Aboulela wa Sudan, mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Caine mwaka 2000, alitoa riwaya ya The Translator mwaka 1999. Sammar, mhusika mkuu, ni mjane wa Kisudani katika mji baridi wa Aberdeen. Mumewe alifariki kwa ajali ya barabarani, kama mume wa Salme alivyofariki Hamburg. Anafanya kazi ya kufasiri Kiarabu kwa mtaalamu wa Kiskoti aitwaye Rae, na mapenzi yanazuka. Lakini Sammar hataki kuolewa na asiye Mwislamu, na riwaya inaishia kwa Rae kusilimu. Katika riwaya ya Minaret (2005), Najwa, binti wa tabaka la juu la Khartoum aliyeshushwa na mapinduzi hadi kuwa mtumishi wa nyumba London, anaipata dini yake huko huko ugenini, msikitini, miongoni mwa wanawake wengine.

Tofauti na Salme ni dhahiri. Wahusika wa Aboulela wana msikiti, wana shoga wa darasa, wana duka la nyama ya halali. Salme hakuwa na hata kimoja. Kwa hiyo haifai kusema kwamba Najwa ana imani yenye nguvu na Salme alikuwa na imani dhaifu. Kilichobadilika ni jamii iliyomzunguka kila mmoja. Dini ya mtu mmoja katika mji mzima ni jambo gumu kulibeba, na barua za Salme ni ushahidi wa ugumu huo. Jambo hili riwaya za Aboulela haziwezi kulionyesha, kwa kuwa wahusika wake wamewakuta wenzao.

Kasoro Isiyofichika

Uhakiki wa haki hauwezi kuishia katika kusifu. Kumbukumbu za Salme zina sura juu ya utumwa, na sura hiyo ni doa katika kazi yake. Anautetea utumwa wa Zanzibar. Anadai kwamba watumwa wa Mashariki hutendewa wema, anawashutumu Waingereza kwa unafiki, na anawasema Waafrika kwa maneno ya dharau kuwa ni watu wasiofanya kazi bila ya kulazimishwa. Hoja ya unafiki wa Waingereza ina ukweli ndani yake. Mengineyo hayana utetezi.

Wapo wanaotaka kulipita doa hili wakisema kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Hoja hiyo haitoshi, kwa sababu Salme alikuwa amekwisha kuonja hali ya mtu asiye na sauti. Alijua jinsi inavyokuwa kusemewa na wasimamizi, kutazamwa kama kitu, kuhamishwa bila ya kuulizwa. Juu ya hayo, mama yake mzazi alikuwa suria aliyeletwa kutoka mbali utotoni. Amri ya kufuta utumwa Unguja ya mwaka 1897 haikuwagusa masuria. Wao walingoja hadi 1909. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuona uhusiano baina ya mwanamke wa ndani na mtumwa wa shambani, ni yeye. Hakuuona, au aliuona akaufumbia macho.

Somo la kasoro hii ni pana. Mwenye kuonewa katika nyumba moja aweza kuwa mwenye kuonea katika nyumba nyingine, na maumivu peke yake hayamfundishi mtu uadilifu. Wale wanaomfanya Salme shujaa wa ukombozi wa wanawake wanalazimika kuificha sura hiyo ya utumwa. Wale wanaomtupa kwa kuwa alitoka katika dini hawaitaji kabisa, pengine kwa sababu inawagusa nao. Makundi haya mawili yanaonekana kupingana, kumbe yote mawili yanamkwepa Salme aliyeandika.

Barua na Msomaji Wake

Lililobaki ni pingamizi la pili, la lugha. Barua za Salme zimeandikwa kwa rafiki wa Zanzibar, lakini zimeandikwa kwa Kijerumani. Rafiki huyo asingeweza kuzisoma. Wahakiki wanaweza kulieleza jambo hili kuwa ni mbinu tu ya utungaji. Makala haya yanaona kwamba ndilo jambo muhimu kuliko yote katika umbo la kazi hii.

Barua ya Kiswahili, kama ilivyozoeleka Pwani na bara, ina kanuni zake. Huanza kwa salamu ndefu, humwombea heri mpokeaji, husema kwamba mwandishi hajambo na kwamba hofu yake ni kwao walioko nyumbani. Ni kanuni ya adabu, na adabu hiyo huficha dhiki. Hata leo, mzazi wa mtaa wa West Indies mjini Eldoret ambaye binti yake yuko Ulaya au Marekani hangoji posta; anasikiliza sauti ya mwanawe katika simu. Lakini kanuni ni ile ile. Binti atasema hajambo, kazi inaendelea, baridi imezidi kidogo. Hatasema alivyotazamwa ndani ya basi, wala alivyokula daku peke yake katika chumba kimoja. Mama naye hatasema kwamba ameelewa.

Barua za Salme zimeivunja kanuni hiyo. Zinasema kila kitu: upweke, aibu, njaa ya kusikia lugha yake, majuto. Zimeweza kusema kwa sababu hazikutumwa. Ukweli wake ulinunuliwa kwa bei ya kutofika.

Ulinganisho na Utendi wa Mwana Kupona unafaa sana. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliutunga mnamo mwaka 1858, Salme akiwa msichana wa miaka 14 hivi. Ni wasia wa mama kwa bintiye, ukimfundisha jinsi ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Mwana Kupona alijua kwamba msomaji wake yupo karibu, atasoma, ataukariri, na wanawake wengine wataunakili. Na ndivyo ilivyokuwa. Salme alikuwa na elimu ya namna ile ile na aliandika kwa haja ile ile ya mwanamke kumweleza mwanamke mwenzake. Alichokosa ni mnyororo wa kufikisha. Mmoja aliandika juu ya maisha ndani ya nyumba na neno lake likatembea pwani nzima. Wa pili aliandika juu ya maisha nje ya nyumba hiyo na neno lake likalala sandukuni.

Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ameirejea picha hii katika Gravel Heart (2017). Salim, kijana wa Zanzibar aliyeko London, anamwandikia mama yake barua, na nyingine hazitumi, anaziacha daftarini. Mwenye kuficha hapa ni mwanamume, na mama ndiye asiyeambiwa. Riwaya ya Gurnah yathibitisha kwamba barua isiyotumwa si ajali ya maisha ya Salme peke yake. Ni umbo ambalo uhamaji wa watu wa Pwani umelizaa, kwa sababu aliyeondoka hana lugha ya kuwaeleza waliobaki bila ya kuwatia uchungu au kujitia aibu.

Kwa mintarafu hiyo, Kijerumani cha barua hizi hakiziondoi katika fasihi yetu. Mtu anayemwandikia Mzanzibari, juu ya mambo ambayo Mzanzibari pekee ndiye atakayeona ajabu yake, anafikiri kwa msomaji wa Kiswahili hata anapoandika kwa lugha nyingine. Kila mara anapoeleza jiko la makaa, au desturi ya kutangaza ziara kabla ya kubisha hodi, anachagua maelezo kwa kipimo cha mtu wa Unguja.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, maandishi ya Salme binti Said yanatoa picha ya kina ya maisha ya kila siku ya mwanamke aliyelelewa katika Uislamu wa Pwani na kuishi Magharibi, na picha hiyo inapatikana tu kumbukumbu na barua zinaposomwa pamoja. Pili, ubatizo wake na utetezi wake wa utumwa havipaswi kufichwa wala kufanywa sababu ya kumtupa. Ni sehemu ya ushahidi, na msomaji anastahili kuupata ushahidi wote. Tatu, umbo la barua isiyotumwa ni umbo la kweli la fasihi ya uhamaji wetu, na linahitaji kuchunguzwa kama tunavyozichunguza tenzi na tumbuizo.

Wanafunzi wetu wanapofundishwa habari za safari, hupewa Salim bin Abakari na Amur bin Nasur. Ni vyema waendelee kupewa. Lakini mwanafunzi wa kike anayesoma katika idara ya Kiswahili, na ambaye huenda mwakani akajikuta Leeds au Minneapolis, anahitaji pia kumsoma aliyetangulia kukaa huko, akapika huko, akafiwa huko. Kwa hiyo barua hizi zinastahili kuwekwa katika ratiba za masomo, kwa tafsiri ya Kiswahili yenye maelezo ya kutosha, bila ya kuiacha ile sura ya utumwa ya kumbukumbu. Kazi hiyo ihusishe wafasiri wanaokijua Kijerumani na vilevile wanawake wa Unguja wanaokijua Kiswahili cha majumbani, kwa kuwa msamiati wa barua hizi ni wa jikoni, wa kitalani na wa chumba cha mgonjwa. Rafiki aliyeandikiwa hayupo tena, lakini lugha yake ipo, na wenye kuisema wanaongezeka.